Ombi la Kusimamisha Ndoa kwa Dakika Arobaini ili Nipimwe Suti

Jedidah Aoko,
Kaimu Meneja (mwaka wa sita),
Suna, Migori.

Jumatatu, saa nne asubuhi.

Kwa Mchungaji Angwenyi,
Kanisani kwetu, Suna.

Mchungaji wangu mpendwa,

KUH: NDOA YA ELKANA NA BEVERLY ULIYOIFUNGISHA DESEMBA

Natumaini umeketi. Kama umesimama, tafadhali keti kwanza, kwa sababu ninachokuja kuomba sidhani kimewahi kuombwa na mshiriki wako yeyote, hata wale wa safu ya nyuma.

Mimi pia ni wa safu ya nyuma. Ni yule mama wa kwaya upande wa kushoto, anayekalia nafasi ya watu wawili na kuimba kwa sauti ya watatu. Unanijua si mtu wa fujo. Mikutano ya wazee wa kanisa ikichelewa sinung'uniki, na mahubiri yako yakizidi saa moja na nusu mimi ni miongoni mwa wachache wanaobaki macho. Nataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia ana akili zake timamu.

Kazini kwetu, kwenye chama cha akiba na mikopo, nafasi ya meneja wa tawi la Suna imetangazwa. Nafasi hiyo nimeikaimu kwa miaka sita, ukitoa miezi minane nitakayoieleza. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, makao makuu Homa Bay. Barua ya mwaliko inasema tufike tukiwa na vyeti halisi na tukiwa tumevaa mavazi rasmi ya ofisini. Vyeti ninavyo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uisimamishe ndoa ya Elkana na Beverly kwa dakika arobaini, Jumatano hii kuanzia saa nane mchana. Sijasema uivunje. Uisimamishe tu, kisha uirudishe kama ilivyokuwa. Najua sasa umeshika kichwa. Kishike, lakini endelea kusoma, maana sababu zangu nimezipanga kwa nambari.

1. Maduka ya mji huu hayanitaki.

Wewe ni mwanamume mwembamba, Mchungaji. Ukitaka suti unaingia dukani na unatoka nayo. Mimi nikiingia, msichana wa duka ananitazama kuanzia mabegani hadi magotini, kisha anautazama mlango. Halafu anatoa kitu kutoka chini ya meza na kuniambia, "Mathe, hii inavutika." Mji mzima unavutika. Nimevaa vitu vya kuvutika tangu nizae, na vyote huvutika asubuhi halafu alasiri vinarudi nyumbani kwao vikiniacha nje.

Suti za wanawake zinaisha saizi kumi na sita. Kuanzia hapo, kwa mawazo ya wenye maduka, mwanamke ameacha kazi na amebaki kuhudhuria harusi na matanga tu. Hapo ndipo wanapokuletea gauni la kung'aa lenye ua la kitambaa begani, ua kubwa kama kabichi. Au wanakuletea lile pana lisilo na mwanzo wala mwisho, ambalo siku nilipolivaa watoto wa jirani walidhani ni hema, wakaniuliza makambi ya kanisa yanaanza lini.

Kuna duka moja lina sanamu dirishani lenye nyonga kama zangu, Mungu ambariki aliyelitengeneza. Lilikuwa limevaa suti ya samawati iliyokaa vizuri mpaka nikasimama pale barabarani nikamshukuru Muumba. Nikaingia mbio. Kumbe kwa nyuma ile suti imepasuliwa hadi kwenye kola na kushikiliwa na vibanio sita vya kuanikia nguo. Nilimuuliza msichana kama naweza kwenda Homa Bay na vibanio. Akafikiri kidogo, akasema, "Enda tu, bora usiwape mgongo."

Mitumba usiniambie. Koti linalonitosha kwenye mitumba ni la mwanamume, vifungo viko upande wa kiume, na kwapani kuna historia yake. Na Nairobi, ndiyo, yapo maduka ya akina mama wa umbo langu, lakini bei ya koti peke yake ni ndama, na ukitaka sketi unamwongeza mama yake ndama.

2. Yaliyonipata mara ya kwanza.

Miaka miwili iliyopita nafasi hii hii ilitangazwa. Nilikwenda Homa Bay na suti ya kuvutika. Kwenye swali la tatu niliinama kumwonyesha mwenyekiti ripoti ya tawi, kifungo cha koti kikaruka na kugonga glasi yake ya maji. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Zipu ya sketi nayo ikaona hiyo ni ruhusa. Maswali sita yaliyobaki niliyajibu nikiwa nimejikunja, mkono mmoja umeshika kiuno, kama mtu anayeumwa na tumbo na hajui choo kiko wapi.

Kazi ile naijua, Mchungaji. Najua ni mvuvi gani wa Sori anaomba mkopo wa injini na ni yupi anaomba mkopo wa bibi wa pili akiuita injini. Lakini barua yao ilisema mtahiniwa ana ujuzi wa kutosha ila haonyeshi kujiamini. Niliisomea chooni ofisini. Nililia, kisha nikatoka nikala chapati nne, na sioni aibu kukuandikia vyote viwili. Kazi akapewa kijana anayeitwa Oliver, mwenye suti moja tu duniani, lakini inafunga. Oliver alikaa miezi minane, akachoka, akaondoka, na mimi nikarudishiwa ukaimu pamoja na funguo na mimea yake iliyokauka.

Sasa nina miaka hamsini na mbili. Nikikosa safari hii, nafasi haitatangazwa tena kabla sijastaafu, nami nitastaafu nikiwa kaimu. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuonyesha kwenye safu ya nyuma.

3. Nilijaribu hata ng'ambo.

Mwezi wa pili nilikwenda Isebania, nikavuka mpaka hadi Sirare, Tanzania, kwa sababu nilisikia kuna mama anayeuza suti za saizi kubwa. Nilikuta anauza vitenge na ndoo. Nikarudi mikono mitupu. Wakati wa kurudi, mama mmoja aliyekuwa anakagua watu alinivuta pembeni. Unajua tabia ya wafanyabiashara wetu: mtu anavuka na gauni moja na kurudi amevaa manne, moja juu ya lingine, ili asilipie ushuru. Akaniuliza, "Mama, umevaa ngapi hapo ndani?" Nikamjibu moja. Akasema, "Moja na ngapi?"

Mchungaji, nilipelekwa chumbani nikakaguliwa, na shehena yote iliyopatikana ilikuwa mimi. Aliniomba msamaha kwa kuniuliza blauzi yangu nilishonewa wapi. Na jibu la swali lake ndilo linalotuleta kwenye shida yenyewe.

4. Elkana.

Ni mkeo, Mama Mchungaji, aliyenionyesha Elkana Nyakundi baada ya ile aibu ya kifungo. Kibanda chake kiko kando ya kinu cha unga. Nilikwenda pale nimekwisha kukata tamaa, nikaanza kumwomba radhi kwa mwili wangu kama ninavyoombaga mafundi wote: samahani, hapa ni pakubwa, hapa pia, hapa usipime sana. Elkana alinitazama juu ya miwani akasema, "Madam, usiombe msamaha. Hiyo kitambaa ndiyo inafaa kuomba msamaha."

Alinipima taratibu, kama fundi seremala anayepima mlango wa kanisa. Akanishonea sketi mbili na ile blauzi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuajiriwa, nilikaa kwenye kiti cha ofisi na kusimama bila kushika popote. Wateja walidhani nimepandishwa cheo. Mlinzi alinipigia saluti. Nilikuwa nimeamua kwamba nafasi ikitangazwa tena, Elkana ndiye atakayenishonea suti, na bei yake ni ya mtu anayelipwa mshahara wa ukaimu.

5. Ndoa yenyewe, na jinsi nilivyojimaliza mwenyewe.

Beverly ni binti ya marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa mdogo na ananiita Mama, na kwa mila yetu mimi ni mama yake kamili. Siku moja nilikuwa na kazi nyingi, nikamtuma akanichukulie sketi kwa Elkana. Alikaa saa tatu. Aliporudi, sketi alikuwa ameisahau. Nikamtuma tena kesho yake. Mara ya nne ndipo nilipoelewa, na badala ya kulia nilifurahi, nikamwambia kijana ana mikono mizuri. Kwenye harusi uliniona mwenyewe nikicheza mpaka hema likategua kamba moja.

Niliketi nikipangusa jasho, nikamwona Elkana anakuja upande wangu. Aliponiona, akageuka ghafla akajificha nyuma ya mpiga picha. Hapo ndipo nikakumbuka. Mimi sasa ni mama mkwe. Sisi Waluo tunasema maro, na Elkana ni Mkisii, kwao heshima hiyo ya kuoneana haya inaitwa chinsoni. Katika yote ambayo Waluo na Wakisii wanabishania, kuanzia mipaka hadi ndizi, hili moja walikubaliana bila mkutano: mkwe hamkaribii mama mkwe, hamshiki mkono, hamkodolei macho. Sasa niambie ni wapi mila hiyo iliposema anaruhusiwa kumzungushia tepu kiunoni.

Tangu siku hiyo nikimkuta Elkana sokoni, mwanamume mzima anaruka nyuma ya lundo la kabichi. Na ana heshima kweli, siwezi kumlaumu. Ningemzaa mwenyewe ningependa awe hivyo. Lakini mama wa watu nimepata mkwe, nimepoteza fundi, na hakuna aliyenionya. Wewe uliuliza kanisa zima kama kuna mwenye pingamizi. Hukuuliza kama kuna mwenye sketi.

6. Majaribio.

Usidhani nimekimbilia kwako kabla ya kuhangaika. Vipimo vyangu vya zamani anavyo kwenye daftari lake, lakini harusi yenyewe ilikuwa wiki tatu za kula, na sketi zake mbili zimeanza kulalamika. Ilibidi nipimwe upya.

Kwanza tulimtumia Beverly na tepu. Beverly ananipenda. Kila mahali alipopima alinipunguzia inchi mbili kwa upendo. Koti lililotokana na upendo huo lilifika kwenye viwiko likagoma.

Tukasema basi tepu isitumike, itumike kamba ya katani, kwa kuwa kamba haina nambari za kumdanganyia mtu. Beverly alinipima akifunga fundo moja la kifua, moja la kiuno, moja la nyonga. Njiani akanunua kuku. Kuku akataka kukimbia, akamfunga kwa ile kamba. Ilipofika kwa Elkana ilikuwa na mafundo matano, na hakuna aliyejua lipi ni kifua changu na lipi ni mguu wa kuku. Elkana alikaa na kamba ile siku mbili akiitazama.

Halafu Elkana mwenyewe akatuma ujumbe kwamba kuna njia isiyovunja heshima. Kwa vile hawezi kunitazama mimi, atatazama kivuli changu. Nikaenda saa mbili asubuhi nikasimama mbele ya kinu cha unga, yeye akiwa ng'ambo ya barabara amenipa mgongo nusu, akichungulia ardhini na kuandika. Watu walikusanyika wakidhani kuna kitu kimepotea. Ni kweli kivuli changu cha saa mbili ni kitu cha kupendeza, kirefu na chembamba, na mimi mwenyewe nilikitazama kwa wivu. Sketi aliyoshona ingekifaa sana.

Mwisho tukajaribu simu. Nilijipima mwenyewe nyumbani, mlango nimeufunga, nikamsomea Beverly nambari naye amsomee mumewe. Lakini kinu kilikuwa kinasaga na cherehani inapiga kelele, kwa hiyo Beverly alipaza sauti. "Kifua arobaini na nane! Hipsi hamsini na nne! Nasema HAMSINI NA NNE!" Kinu kikazimwa katikati ya nambari hiyo. Tangu siku ile vijana wa bodaboda hawaniiti Mama Beverly tena, wananiita Fifti-Foo. Juzi muuza omena aliniongezea kijiko kimoja akisema, "Hii ni ya Fifti-Foo," na akina mama wote walijua ni nani. Ni nambari sahihi, lakini Elkana, kwa aibu ya kuisikia mbele ya watu, alidondosha kalamu na hakuiandika. Anasema akijaribu kuikumbuka, au hata kuisoma kwenye karatasi, anahisi anamkosea mamake.

7. Tony.

Utasema Migori ina mafundi wengine. Yupo fundi Tony. Anashona sare za shule, na ni hodari sana kwa sare za shule. Nilimwagiza suti ya ofisini, akanishonea kwa moyo wote. Sketi ina marinda na lastiki kiunoni. Koti lina mfuko kifuani na mahali pa kushonea beji. Nilipoivaa ofisini, mzee mmoja aliyekuja kuomba mkopo wa karo aliniuliza niko kidato cha ngapi.

Wengine wote wanashona nguo za matanga. Kila wiki kuna familia inataka sare ya kitenge kabla ya Ijumaa, na mtu aliye hai anayetaka koti la Alhamisi anaambiwa asubiri.

8. Hoja yangu sasa, ambayo naomba uisome polepole.

Mchungaji, hakuna kitu mji huu ambacho hakisimamishwi. Barabara inafungwa ili irekebishwe, kisha inafunguliwa na bado ni barabara. Leseni ya matatu inasimamishwa wiki mbili, kisha inarudishwa. Hata wewe mwaka jana uliisimamisha kwaya mwezi mzima kwa sababu ya ugomvi wa vitambaa vya kichwa, na tuliporudi tulikuwa kwaya ile ile, tena tumenenepa. Kwa nini ndoa peke yake isiweze kupumzika dakika arobaini?

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Jumatano saa nane kasoro, Beverly atoke kwa mumewe aje kwangu. Wewe utangaze kwa sauti ya kawaida, hapana haja ya kipaza sauti, kwamba ndoa imesimama. Elkana atakuwa mwanamume yeyote tu mwenye tepu, nami nitakuwa mwanamke yeyote tu mwenye usaili. Atanipima, ataandika, na safari hii ataandika kwa wino. Ukiona mahari ni kikwazo, kwa kuwa ng'ombe wamekwisha kuletwa, niko tayari kumrudisha mmoja kama alama. Atatembezwa mpaka darajani na kurudi, nyasi ni zangu. Saa nane na dakika arobaini utatangaza kwamba ndoa inaendelea, tutaimba wimbo mmoja mfupi, na Elkana ataruhusiwa kukimbia.

Nimesoma Maandiko nikitafuta mahali yanapokataza jambo hili. Yamekataza mengi, lakini tepu haikutajwa.

Kama moyo wako utakuwa mgumu, ninazo njia mbili nyingine. Ya kwanza, unipime wewe. Wewe hujaoa kwetu wala hujaozesha kwetu, na mtumishi wa Mungu ni baba wa wote. Mkeo awepo, sina neno. Ya pili, kanisa lipitishe azimio kwamba kuanzia sasa, mwanamume mwenye ujuzi adimu akitaka kuoa, ndoa yake itangazwe Sabato tatu kwa wateja wake kwanza. Fundi atangaze. Daktari wa meno atangaze. Mtu wa mifereji atangaze. Fikiria mama mzima jino linamuuma na mwenye koleo amemwoa binti yake. Mji huu ni mdogo, Mchungaji, na vijana wanaoana ovyo ovyo bila kufikiria nani atashonwa na nani. Tusipochukua hatua, katika miaka kumi kila mama wa Suna atakuwa mama mkwe wa mtu anayemhitaji, na tutabaki tukiitana kutoka nyuma ya makabichi.

Mimi siombi kuwa mwembamba. Niliomba zamani, sikujibiwa, na tukayamaliza na Mungu. Ninachoomba ni koti moja la kijivu lenye bitana, linalofunga nikiwa nimeketi, na sketi inayoniruhusu kupumua kati ya swali na swali. Nataka nikae mbele ya watu wale niulizwe kuhusu kazi yangu, nami nifikirie kazi yangu.

Nangoja jibu lako kabla ya Jumatano. Nisalimie Mama Mchungaji, mwambie blauzi yake ya zambarau ya Sabato iliyopita ilinitia majaribuni. Wasalimie wazee wa kanisa wote, pamoja na yule anayehesabu watu na kunihesabu mara mbili. Wasalimie kwaya, mashemasi, na watoto wa shule ya Sabato. Msalimie Tony ukimwona, usimwambie lolote.

Ni mimi, mshiriki wako mtiifu nisiyetoshea,

Jedidah Aoko.

Tanbihi: Saa tisa alasiri, barua bado haijafungwa.

Mchungaji, Beverly amefika hapa kwa bodaboda akilia, amebeba nguo zake kwenye beseni. Anasema harudi. Anasema tangu Januari chakula cha jioni nyumbani kwao ni habari za koti langu tu, kwamba jana Elkana alimgombeza kwa sababu ya ile kamba, naye akamjibu, wakafika mahali pabaya. Aliniambia, "Mama, kwani mimi niliolewa ama niliandikwa kazi?" Nikampokea beseni.

Haikupita nusu saa, Elkana akaja kwa miguu, tepu bado iko shingoni. Hakuruka nyuma ya kitu. Alisimama mbele yangu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Desemba, akasema kwa hasira, "Madam, kama huyu amekataa kuwa bibi yangu, basi wewe si mamangu. Simama nikupime. Hiyo koti nitamaliza kesho na hii maneno yote iishe."

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni mchungaji wangu. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kuinua mikono. Ndipo nikamwona Beverly mlangoni. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anaitazama ile tepu, kisha ananitazama mimi, kwa macho yale yale aliyonitazama nayo siku tuliyomzika mamake, akingoja aambiwe atalala wapi.

Nikashusha mikono. Nikachukua kanga nikajifunika kichwa, nikakimbia, Mchungaji, mwili huu wote ulikimbia, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nikasema nikiwa ndani, "Mkwe wangu, karibu. Mimi siwezi kutoka, uko na mke wako hapo."

Ndipo nilipo sasa, naandikia juu ya mfuniko wa sufuria. Sasa wanaongea polepole, na nimesikia Elkana akimwomba msamaha kwa Kidholuo chake kibovu.

Kwa hiyo ndoa ile usiiguse, hata kwa dakika moja. Yote niliyoandika kuanzia nambari ya kwanza hadi ya nane, yafute. Njoo tu uwaombee, na ukifika bisha hodi kwa nguvu, kwa sababu sitoki huku mpaka mkwe wangu aende zake. Homa Bay nitakwenda na gauni langu la Sabato, lile la maua, na wakiniuliza mbona sina suti, nitawaambia nina mkwe.